Mwanangu alikuwa anacheua kila kitu, au ndo nilivyodhani

Mtoto wangu wa kwanza nilimpata mwezi wa tatu, masika ndo yanaanza Dar, na kama kuna kitu natamani mtu angeniambia mapema ni kwamba nguo hazitakauka. Nilijiandaa jamani, nepi dazeni mbili, doti tatu za kanga zilizofuliwa mpaka zimechuja, vifulana, soksi, halafu mtoto alipofika wiki ya tatu nyumba nzima ikawa inanuka mgando. Mito inanuka, godoro linanuka, bega langu, nywele zangu, kochi la sebuleni, hadi baba yake siku moja anarudi kazini ananiambia mwenzake kamuuliza kama tumeanza biashara ya mtindi. Siku hiyo tulicheka. Siku nyingi hatukucheka.

Naandika kwa urefu kidogo mtanisamehe, maana mi nilihangaika na matatizo mawili nikidhani ni moja, na lile la kwanza ndo lilikuwa la hatari na sikuliona, la pili halikuwa na hatari yoyote ndo nikalililia usiku na mchana.

Nilijifungua kawaida, usiku, mtoto kilo 3.1, kesho yake tukaruhusiwa. Kabla ya kutoka nesi alipita akamweka mtoto titini, akaona anavuta, akasema hongera mama ananyonya huyo, akaenda kwa mwingine. Wodi ilikuwa imejaa na alikuwa peke yake, simlaumu. Nyumbani mtoto akawa ananyonya dakika tano analala, namwamsha, anavuta kidogo, analala tena. Wageni wanakuja wananisifia, umepata mtoto mtulivu wewe, wenzio hawalali, na mi najisikia fahari kweli. Huku chuchu zinawaka moto, akishika tu nakunja vidole vya miguu, siku ya nne ya kushoto ikapasuka ikawa inatoa damu, na sikumwambia mtu kwa sababu tangu nipo binti nasikia "utazoea". Siku hiyo hiyo maziwa yakajaa, matiti yakawa magumu kama mbao yanang'aa, na mtoto ndo akashindwa kabisa kushika, anateleza tu, anatafuna ncha ya chuchu, analia kidogo, analala.

Mama yangu alikuwa ameshafika kutoka Tanga kuniuguza uzazi, na ndo yeye alikuwa nyuma yangu siku ya tano nilipofungua nepi nikakuta doa la rangi ya matofali. Nilipiga ukelele, nikajua ni damu. Mama akaichukua ile nepi akaipeleka dirishani kwenye mwanga, akainusa, akanigeukia.

"Tangu asubuhi amekojoa mara ngapi?"

Sikujua.

"Na jana?"

Sikujua vilevile. Nilikuwa najua amenyonya mara ngapi, najua amelala saa ngapi, picha zake kwenye simu zinafika mia mbili, ila alivyokojoa sikuwa nahesabu. Mama hakunigombeza, akasema tu kesho alfajiri tunaenda kliniki. Nikamwambia mama mahudhurio yake si mpaka siku ya saba, akasema siku ya saba watamkuta huko huko.

Kumbe ile rangi ya matofali ni mkojo mzito, mtoto akikosa maziwa ya kutosha siku zile za mwanzo mkojo unaacha chembechembe za rangi hiyo kwenye nepi. Siku ya kwanza au ya pili ukiiona haitishi sana, ila ya tano, maziwa yakiwa yameshatoka, inatakiwa isiwepo na mtoto awe analowesha nepi mara sita au zaidi kwa siku. Hili hakuna aliyeniambia wakati naondoka hospitali, au labda waliniambia nikiwa na usingizi.

Kliniki wakamvua nguo zote wakamlaza kwenye mzani. Kilo 2.7. Nesi, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, akanyamaza, akamnyanyua, akaurudisha mshale sifuri, akampima tena. 2.7. Akasema mama, mtoto kupungua siku za kwanza ni kawaida, asilimia saba, hata kumi tunavumilia tukimfuatilia, na wiki ya pili tunategemea awe amerudi pale alipozaliwa, ila huyu amepoteza gramu 400, hiyo inakaribia asilimia 13. Halafu akaninong'oneza, naona hakutaka foleni isikie: "Mama, huyu si mtulivu. Ana njaa, hana nguvu ya kulia."

Nililia pale kwenye benchi mpaka kanga ikalowa, kwa mara ya kwanza siyo kwa maziwa.

Dokta akamwona, akamfinya ngozi, akamwangalia macho kama yana unjano, akabonyeza utosi kidogo, akasema hatutamlaza ila mnarudi kesho kutwa bila kukosa. Kisha yule nesi akanichukua nyuma ya pazia, akanawa mikono, akasema haya mnyonyeshe nione. Nikafanya nilivyozoea, nikainama, nikashika titi na vidole viwili kama mkasi, nikamtia chuchu mdomoni. Akasema toa. Akaniambia unampelekea mtoto titi, ndo maana mgongo unakuuma na yeye anashika ncha, egemea nyuma, mlete mtoto kwenye titi. Akamgeuza, tumbo lake kwenye tumbo langu, sikio na bega na nyonga mstari mmoja, si kichwa tu kimegeuzwa shingo imejipinda. Pua ikawa usawa wa chuchu. Akanikamulisha kidogo kwanza titi lilainike. Akaniambia mguse na chuchu mdomo wa juu halafu usifanye kitu, subiri. Mtoto akafungua mdomo kidogo, nikataka kumtia, akanishika mkono, "subiri apige miayo". Akapanua kweli kama anapiga miayo, akamsukuma mgongoni mara moja, tap, akaingia.

Yaani maumivu yalikatika. Kidevu kimezama kwenye titi, mdomo wa chini umebinuka nje, ule weusi unaozunguka chuchu unaonekana juu tu, chini umemezwa wote. Halafu nikasikia kitu ambacho siku sita sikuwahi kusikia, kh, kh, kh, taratibu, anavuta mbili tatu anameza. Nesi akasema umesikia? Hiyo ndo sauti, akivuta bila hiyo sauti ananyonya hewa tu na wewe unaumia bure. Akamchungulia na chini ya ulimi kama ana udata, maana wengine ulimi umefungwa hawawezi kushika, akasema hana, ni mkao tu.

Tukarudi nyumbani na maagizo: kila saa mbili hadi tatu anyonyeshwe, akilala aamshwe, mara nane mpaka kumi na mbili kwa siku, na baada ya kila nyonyo nikamue nimpe yaliyobaki kwa kikombe kidogo, si chupa, mpaka uzito urudi. Mama akatafuta kikombe cha kahawa, vile vidogo visivyo na mkono, mpaka leo ninacho. Mtoto wa siku sita anakunywa kwa kikombe jamani, anatoa ulimi analamba kama paka, sikuamini. Kesho kutwa akawa 2.8, siku ya kumi na tano akagusa 3.1. Nesi akaandika kwenye kadi akapigia mstari.

Sasa hapa ndo nilipoharibu. Uzito umerudi, ilitakiwa niache kukamua. Sikuacha. Ule mzani ulikuwa umenitia woga, nikawa kila akimaliza kunyonya nakamua, nampa kikombe, na nikikosa kumpa naweka kwenye friji, nasikia amani nikiona kopo limejaa. Mama mkwe naye akaleta mtori kutoka Moshi, mama yangu ananipikia uji wa pilipili manga asubuhi na supu ya pweza jioni, nikafurika. Mwili haujui kwamba unakamua kwa hofu, unaona tu maziwa yanatoka, unadhani umezaa mapacha, unaongeza.

Wiki ya tatu ndo vurugu ikaanza. Mtoto anashika titi vizuri, sekunde thelathini hivi maziwa yanaachia, anapaliwa, anakohoa, anaachia titi, na titi linarusha maziwa usoni kwake mpaka kwenye nyusi, analia, anajinyonga mgongo nyuma kama upinde, anarudi kwa hasira, anagugumia, anameza hewa mpaka unasikia tumboni. Akimaliza, dakika tano, bwaa, begani. Nampangusa, bwaa tena. Namlaza, yanatoka pembeni ya mdomo. Kila anachokula naona kinatoka, na mi nimetoka kwenye 2.7, mnaelewa akili yangu ilivyokuwa, nikawa nampa tena kufidia alichotapika, naye anacheua zaidi.

Usiku mmoja saa tisa yakatokea puani. Macho yamemtoka, hapumui, mi nimemshika nimeganda kama sanamu. Baba yake akamnyakua akamlaza kifudifudi kwenye mkono, kichwa chini kidogo, akampiga mgongoni, mtoto akapiga chafya mbili, akalia, akalala. Yeye alilala. Mi na baba yake tulikaa mpaka adhana.

Na ushauri ukaanza kumiminika. Jirani akasema chango hilo, kuna mizizi. Wifi akasema graip wota, kila mtoto wa kwao ameikunywa. Mama mkwe, mwanamke ninayempenda sana na hakunikosea hata siku moja, akasema taratibu, "Mwanangu, maziwa ni mepesi ndo maana hayakai, mkorogee kauji kepesi kakashikilie tumbo." Mwingine akanambia niache maharage, kabichi, machungwa, pilipili, dagaa, nikawa nakula wali mkavu wiki nzima na bado anacheua. Mama yangu akapinga uji, akapinga mizizi, lakini hata yeye alikuwa ameanza kunyamaza sana, nikajua ana wasiwasi.

Halafu shangazi wa mume wangu akaja, akamfungua mtoto mdomo, akachungulia kwa tochi ya simu, akasema: kimeo. Kimemshuka, kinamgusa ulimi, ndo maana anatapika, kikatwe.

Nitasema ukweli, nilienda. Nilikuwa sijalala wiki mbili na shangazi anaongea kwa uhakika, mama yangu alikuwa amerudi Tanga siku tatu kwenye msiba, mume wangu yuko kazini. Tukapanda bajaji mpaka kwa huyo fundi, nyuma ya vibanda vya soko, benchi la mbao, wanawake wanne na watoto wao. Kifaa kilikuwa kwenye kikombe cha plastiki cha bluu chenye maji ya rangi ya chai. Chuma chembamba kirefu, ncha imepinda kama ndoano. Akaingia mtoto wa mbele yangu, labda miezi sita, mama kamshika kichwa katikati ya magoti. Sikuona ndani ya mdomo, niliona miguu ya yule mtoto tu ilivyonyooka. Halafu fundi akasuuza kile chuma kwenye kikombe kilekile cha bluu, akasema anayefuata.

Sijui ni nini kilininyanyua. Nikamwambia shangazi nasikia kizunguzungu natoka nje kidogo, nikatoka, nikapanda bodaboda na mtoto wa wiki tano kifuani kwenye matope, kosa lingine hilo, nikamwacha shangazi pale. Alinisusia mwezi mzima. Baadae dokta alinieleza wanaopokea watoto waliokatwa huko, damu haikati, tetenasi, wengine usaha unashuka mpaka kifuani, na kwamba kile kinyama kila binadamu anacho, chako, changu, cha fundi mwenyewe, na hakihusiani kabisa na kucheua.

Mama aliporudi kutoka msibani nikamsimulia huku nalia, na nikamwambia anatapika kila kitu mama, hakuna kinachobaki. Hakusema neno. Akaenda jikoni, akarudi na kijiko cha chai na maziwa niliyokamua, akatandaza kanga kavu kitandani, akamwaga vijiko viwili. Viwili tu. Doa likatanda, likatanda, likawa kama sahani ya chakula. Akaweka pembeni ile kanga aliyocheulia mtoto asubuhi, ile niliyosema katoa nyonyo yote, doa lake likawa dogo kidogo.

"Anakojoa?"

Anakojoa, mara nane, tisa.

"Basi yanabaki."

Hata hivyo tukaenda kwa daktari wa watoto, kwa sababu nilitaka kusikia kwa mtu mwenye kadi mkononi, na nawaambia hata nyie msije mkaishia kwenye kanga ya mama yangu. Wiki ya sita, siku ya chanjo, kilo 4.4. Dokta akaangalia kadi, akacheka, akasema mama umeniletea mtoto mnene unaniambia anatapika kila kitu.

Ila hakuishia kucheka, aliuliza maswali mpaka nikaona sasa huyu kanisikia. Yanamwagika au yanaruka mbali kwa nguvu? Kwa sababu kuna watoto, hasa wa kiume, hasa wiki ya tatu mpaka ya sita hivi, mlango wa chini wa tumbo unanenepa chakula hakipiti, hao wanatapika kwa kuruka, kila baada ya kunyonya, wanataka tena kunyonya na wanakonda, na hiyo ni ya upasuaji. Rangi gani? Meupe au kama mgando, sawa, ila yakiwa ya kijani hapo usisubiri asubuhi, hiyo inaweza kuwa utumbo umejifunga. Kuna damu, kwenye matapishi au kwenye choo? Choo kina makamasi? Ana homa? Tumbo linavimba gumu? Anakataa kunyonya? Amelegea? Mkojo umepungua, utosi umebonyea? Alipofika kwenye kikohozi na kupumua kwa shida akakaa nalo sana, akamsikiliza kifua pande zote. Kila kitu hapana. Akamminya tumbo taratibu kwa vidole viwili, mtoto akamcheulia kwenye mkono wa shati. Nikataka kufa kwa aibu, yeye akasema asante, sasa nimeona mwenyewe.

Akanieleza hivi. Juu ya tumbo pale koo linapoingilia kuna kama mdomo wa mfuko unaofungwa kwa kamba, kwa mtoto mchanga ile kamba haijakaza, na yeye anakula maji matupu, anakula mengi kuliko ukubwa wa tumbo lake, na anashinda amelala. Lazima yapande. Akasema itaongezeka kwanza kabla ya kupungua, mwezi wao wa nne hivi ndo wengi wanakuwa kileleni, halafu akianza kukaa na kula vyakula vizito inapungua, akifika mwaka wengi wameshaacha. Nikamwomba dawa, niliiomba kweli, nikamwambia hata ya kidogo. Akasema dawa za asidi hazizuii maziwa kupanda, zinapunguza ukali wake tu, anawapa wale ambao koo limechubuka au hawakui, huyu wangu anakua kuliko anavyotakiwa. Na graip wota akasema usihangaike nayo, hata maji matupu kabla ya miezi sita hayana kazi, yanachukua nafasi ya maziwa kwenye tumbo la ukubwa wa ngumi. Uji ndo kabisa.

Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna mtu aliwahi kuniuliza. Unakamua? Nikamwambia ndiyo, kila baada ya kunyonyesha. Tangu lini? Tangu siku ya sita. Nani kakwambia uendelee? Nikanyamaza.

Hapo ndo nikaelewa kumbe kwa mkono wangu mwenyewe nilikuwa nimefungua bomba la mtaa nikamwekea mtoto mdomoni, halafu namshangaa anapaliwa.

Nikaacha kukamua taratibu, si siku moja maana ukikata ghafla titi linaziba linawaka homa, kila siku napunguza, nakamua kidogo tu ya kupunguza maumivu. Ilichukua kama siku kumi. Wakati huo nikawa nanyonyesha nimeegemea nyuma kabisa, nusu nimelala, mtoto juu yangu kama chura kwenye jiwe, maziwa yapande mlima badala ya kumshukia kooni. Yakianza kuachia namtoa, nakinga ile mirusho ya kwanza kwenye kitambaa, ikitulia namrudisha. Hii peke yake, nawaambia, ilipunguza kupaliwa kwa siku mbili tu. Namcheulisha katikati na siyo mwisho tu. Simsubiri mpaka alie, maana akilia sana anakuja titini na tumbo limeshajaa hewa. Pampasi nabadilisha kabla ya kunyonya, kwa sababu nilikuwa namlisha halafu hapohapo namkunja miguu kwenye tumbo kumfunga pampasi, sasa hapo nani asingetapika? Na baada ya kunyonya anabebwa wima nusu saa. Usiku hiyo nusu saa ilikuwa ya baba yake, mi nanyonyesha, namkabidhi, nalala. Alikuwa anatembea naye koridoni anamsimulia mpira, na nadhani hiyo ndo ilituokoa sisi wawili zaidi ya yule mtoto.

Kuna kitu kimoja nilikuwa nakifanya kwa nia nzuri na dokta alinikatisha palepale. Nilikuwa namlaza kwenye mto, na miguu ya kitanda upande wa kichwa tuliinua kwa matofali. Akasema ondoa vyote. Mtoto mchanga hana shingo ya kujitoa, anateleza anajikunja kidevu kinaziba koo, mto unaweza kumfunika. Alale chali, sehemu bapa ngumu, hana mto hana blanketi zito, neti tu. Nikamwambia si atapaliwa akicheua akiwa chali? Akasema wengi wanaogopa hivyo, lakini akiwa chali njia ya hewa inakuwa juu ya njia ya chakula, maziwa yakipanda anameza au yanatoka pembeni. Nilichukua wiki kumwamini. Nilikuwa naamka kumsikiliza anavyopumua, mara tano kwa usiku.

Hakuacha kucheua. Hili naomba lieleweke, mi nilidhani nikifuata yote hayo kanga zitapumzika, wala. Mwezi wa nne ulikuwa mbaya kuliko wa pili kama alivyosema, na ndo nilikuwa nimesharudi kazini maana siku zetu 84 za likizo ya uzazi ziliisha, nikawa nakamua tena ofisini kwa sababu ya msingi safari hii, na dada wa nyumbani anampa kwa kikombe, anampa haraka, mtoto anamrudishia yote kwenye gauni. Tukakaa naye tukamwonyesha, kidogo kidogo, mpumzishe, msimamishe. Akajua kuliko mimi. Ila yale mambo ya kupaliwa, kujinyonga, kulia titini, yaliisha. Alikuwa anacheua huku anacheka. Anacheua anakuangalia. Alimcheulia mchungaji siku ya kuwekwa wakfu, kwenye joho jeupe. Kliniki wakimtundika kwenye ule mzani wa kuning'inia, ndani ya ile kaptura ya kitambaa, anacheulia kaptura, nesi wa miwani ya kamba anasema mletee mama huyu kitambaa, ila mstari kwenye kadi unapanda. Mwezi wa nne alikuwa kilo 7.

Nilikuwa na uchungu na jambo lingine ambalo halikuwa na dawa. Watu waliacha kumbeba. Wageni wanakuja wamependeza, wananyoosha mikono, nawaambia anacheua, wanarudisha mikono. Mama mkwe peke yake alikuwa anakuja amevaa dera kuukuu makusudi kabisa, anakaa kwenye mkeka, anasema nipeni mtapishi wangu. Uji wake nilikuwa nimeukataa, na mi ndo nilikuwa naogopa kumwangalia usoni, yeye alishasahau.

Miezi sita na nusu akaanza kukaa mwenyewe, akawa anakula viazi vya kuponda na parachichi, ikapungua, mara nne kwa siku, mara mbili, halafu siku moja mwezi wake wa kumi nikagundua nina kanga begani tangu asubuhi na ni kavu. Sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini.

Shangazi tumepatana. Alikuja juzi, akambeba, akampiga-piga mgongoni, akasema mnaona, yale mafuta ya nyonyo niliyompaka tumboni kwa siri ndo yaliyomaliza kazi. Kwa siri! Mume wangu akataka kusema kitu, nikamkanyaga mguu chini ya meza.